Nesi Hakosi Kazi

Gauni jipya walimpa Ijumaa saa nane mchana, likiwa bado na mikunjo ya kiwandani, na Elinipa akasaini kwenye daftari la stoo kwamba atalirudisha Jumatatu asubuhi likiwa limefuliwa na kupigwa pasi. Viatu vyeupe alipewa vya namba arobaini. Yeye anavaa thelathini na nane. Metroni Sabina alimwonyesha namna ya kusokomeza pamba mbele ya vidole ili visimvuke akipanda jukwaani.

"Pamba chukua hapo kwenye troli," alisema. "Kidogo tu. Nitaandika imetumika kwa mgonjwa."

"Nikishapanda huko nisemeje, Metroni?"

"Useme ukweli. Ulisoma chuo hiki, ukafaulu, na sasa unafanya kazi hospitali hii hii. Dakika tano, unashuka."

"Nafanya kazi au najitolea?"

Metroni Sabina aliutazama mlango wa wodi, kisha akaitazama tena troli. Alikuwa na miaka hamsini na tatu, mmoja kati ya manesi watatu wa hospitali nzima waliokuwa na mkataba, na mkataba wenyewe ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja.

"Usianze, mwanangu," alisema. "Na mimi nina watoto."

Basi hakuanza. Alirudi kwa wagonjwa wake ishirini na sita, yeye na wanafunzi wanne wa mwaka wa pili ambao walikuwa wakilipa ada ili wamwage mikojo ya watu.

Kujitolea ni neno zuri. Ukilisikia tu unadhani mtu ana moyo wa dhahabu. Elinipa na wenzake kumi walifundishwa neno hilo wiki moja baada ya kupata vyeti, ofisini kwa Mkurugenzi Ephraimu, mwenye hospitali na mwenye chuo. Aliwaagizia soda. Akawaambia ajira hazijatoka, lakini milango yake iko wazi, waanze kwa kujitolea, na nafasi ikipatikana wao ndio watakaofikiriwa kwanza. Miaka mitatu ilikuwa imepita. Kila mwisho wa mwezi alisaini karatasi iliyoandikwa posho ya nauli, akapewa shilingi elfu sabini. Chumba chake mtaa wa Sokon I kilikuwa elfu arobaini, bila umeme. Mara nne aliomba kazi serikalini, na mara nne walitaka barua ya uzoefu kutoka kwa mwajiri. Barua ilikuwa ya kutolewa na Mkurugenzi Ephraimu, naye alikuwa akiifikiria.

Lakini si posho iliyomtia sumu moyoni. Mwezi wa nne aliugua taifodi. Alilazwa siku tano kwenye wodi anayoihudumia mwenyewe, kitanda namba tisa, na siku ya kutoka akakabidhiwa bili ya laki moja na arobaini. Akadhani wamekosea jina. Akaenda ofisini kwa miguu isiyo na nguvu.

"Bima ni ya waajiriwa, Elinipa," Mkurugenzi alimwambia kwa upole. Mtu yule hakuwahi kupandisha sauti, na hilo lilikuwa sehemu ya ubaya wake.

"Lakini, Mkurugenzi, huu ugonjwa nimeupata hapa hapa. Wiki nzima nilikuwa nahudumia wenye taifodi bila glavu."

"Una uhakika hujala kachumbari za barabarani?"

Walimkata posho ya miezi miwili yote. Tangu siku hiyo alimchukia mtu yule kwa saa maalumu, asubuhi na jioni, kama dozi. Alichukia gari lake, alichukia nyumba yake ya ukuta mrefu kule Njiro ambayo hakuwahi kuingia, alichukia hata namna alivyofuta miwani kwa ncha ya tai. Na aliposikia kwamba Siku ya Wazazi, siku ya kuandikisha wanafunzi wapya, atapewa kipaza sauti, alisema ndiyo kabla hajamaliza kuombwa.

Ijumaa ile ile jioni baba yake alipiga simu kutoka kijijini kwao, Akheri.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, nesi wangu. Nimeshamalizana na jirani yetu Anaeli. Amechukua upande wote wa kahawa, kuanzia kwa babu yako alipolala mpaka kwenye mfereji."

Elinipa alikaa kitandani. Upande wa juu ulikuwa umeuzwa miaka sita iliyopita kwa ajili yake. Sasa ilibaki nyumba, migomba michache na zizi.

"Umeuza kwa sababu gani, baba?"

"Catherine si amepata chuo! Tena chuo chako. Nilitaka nikushtukize. Kesho tunakuja na awamu ya kwanza ya ada mkononi, utampokea mdogo wako mwenyewe."

Angeweza kumwambia pale pale. Lakini angeanzia wapi? Siku ya kumuaga kwenda chuoni, ukoo ulikusanyika uwanjani kwao, kila mmoja akatoa alichonacho: mwingine mbuzi, mwingine elfu mbili, bibi mmoja mkungu wa ndizi uliopigwa mnada mara tatu. Tangu hapo kila mtoa mchango alikuwa na hisa kwa Elinipa. Akienda likizo walipanga mstari na magoti yao na mapresha yao. Kanisani baba yake, Mzee Gadiel, alimtambulisha kwa jina moja tu, nesi wetu. Nesi wa watu akija nyumbani haji mikono mitupu. Alikuja na sukari na mchele, na mwaka jana alileta bati kumi na nne za jiko la mama yake. Hela ya vitu hivyo ilikuwa na njia yake, na Elinipa alikuwa amejizoeza kutoitazama.

Na tuseme kweli, hakunyamaza kwa aibu peke yake. Alinyamaza kwa sababu alitaka kulisema mbele ya Ephraimu. Kumzuia baba yake tu lilikuwa jambo dogo mno. Alitaka asilipe mtu yeyote. Alitaka turubai zima la wazazi lisimame na kuondoka na bahasha zake, na Mkurugenzi abaki na viti vyake vya plastiki. Alikata simu akalala vizuri kuliko alivyolala mwezi mzima.

Jumamosi saa nne, uwanja wa hospitali ulikuwa umejaa. Walikuwepo wazazi wa kutoka mlimani kwa Wameru, Waarusha wa upande wa magharibi, mafundi na wenye vibanda wa mjini, kila mmoja na binti au kijana wake aliyenyoa vizuri. Kwenye dirisha la mhasibu walikuwa wamebandika karatasi: ada milioni moja na laki nane kwa mwaka, awamu ya kwanza nusu. Elinipa alimwona baba yake safu ya tatu, amevaa koti la kanisani, mkono mmoja ameuweka kifuani juu ya mfuko wa ndani. Catherine alikuwa pembeni yake, miaka kumi na nane, akimpungia dada yake kwa vidole viwili.

Mkurugenzi Ephraimu alisimama bila karatasi.

"Wazazi, tuongee kama watu wazima. Mtoto amemaliza kidato cha nne, unampeleka wapi? Ualimu? Walimu wamejaa mtaani wanaendesha bodaboda. Uhasibu? Nani hapa ana hela za kuhesabiwa?" Watu wakacheka. "Kilimo mnakijua wenyewe. Lakini mgonjwa, ndugu zangu, hakosekani. Leo yupo, kesho yupo. Serikali ikimwajiri nesi mwenye diploma, anaanzia laki sita na ushee, hapo sijagusa posho za zamu. Piga mara kumi na mbili uone kama ada yangu ni kubwa. Nesi hakosi kazi! Semeni na mimi. Nesi?"

"Hakosi kazi!"

"Na ushahidi huu hapa. Binti wa hapa hapa Meru, wala sikumwagiza Ulaya. Elinipa, njoo mwanangu."

Alipanda. Viatu havikumvuka. Alikishika kipaza sauti kwa mikono miwili, akawaamkia wazee, wakaitikia.

"Naitwa Elinipa Gadiel. Nilisoma hapa miaka mitatu. Baba yangu aliuza nusu ya kahawa yake ili nisome. Nikafaulu, na nimefanya kazi hapa miaka mitatu mingine. Sina mshahara. Sijawahi kulipwa mshahara hata siku moja. Napewa elfu sabini kwa mwezi, wanaiita nauli."

Mkurugenzi alinyoosha mkono akitabasamu, kama mtu anayempokea mtoto kisu. Elinipa alisogea hatua moja upande wa pili.

"Hili gauni mnaloliona si langu. Nimeazimwa jana, linarudi stoo Jumatatu. Kwenye wodi zote kuna manesi kumi na nne. Wenye ajira ni watatu. Sisi kumi na mmoja tunaambiwa tunajitolea. Watoto wenu watafanya kazi hapa wakiwa wanalipa ada, na wakimaliza kulipa ada wataendelea kufanya kazi hiyo hiyo bure. Mimi nilipougua taifodi niliyoipata wodini, Mkurugenzi huyu alinitoza laki moja na arobaini. Mwulizeni. Yupo hapa, ana mdomo."

Aliona anachokitaka. Shingo ya Ephraimu ilikuwa imelowa pale kola inapokutana na ngozi, na miwani aliifuta mara mbili. Utamu ulimpanda Elinipa mpaka kwenye meno. Mzee mmoja wa nyuma alirudisha bahasha yake kwenye soksi. Mama mwenye kitenge cha kijani alisimama, akamvuta binti yake mkono. Minong'ono ikapanda, viti vikaanza kukwaruza. Aliwaza, kwa furaha mbaya ambayo hakuionea haya, kwamba mwakani chuo hiki kitakuwa godauni la mahindi.

Halafu baba yake akasimama.

"Elinipa." Hakuhitaji kipaza sauti. "Unasema hujawahi kulipwa."

"Ndiyo, baba."

"Bati za mama yako zilitoka wapi?"

Watu mia mbili walikuwa wakimsubiri, na waliokuwa wamesimama walibaki wamesimama.

"Na sukari ya kila mwezi? Na ada ya Catherine ya kidato cha nne, laki mbili, uliyotuma kwenye simu? Ukoo wote unajua. Ulikuwa unaiba?"

"Hapana, mzee, msimwonee," alisema mtu wa safu ya pembeni. Alikuwa mtu mzima wa Kiarusha, shuka jekundu juu ya koti la suti, fimbo mapajani. Alinyanyuka taratibu. "Mimi naitwa Lerionka. Mke wangu alijifungulia hapa mwezi wa tatu, na huyu binti, wakati huo yuko wodi ya wazazi, ndiye aliyemhudumia. Siku ya kwanza nilimpa elfu kumi, tukapata shuka na kitanda cha dirishani. Siku ya kujifungua nikampa elfu ishirini, na hakutoka pale mpaka mtoto amelia. Hakuniomba kwa ukali. Alisema tu ya soda. Wala sina kinyongo naye. Ni nesi mzuri sana."

Alikusudia wema, na ule wema ndio uliommaliza. Elinipa alikumbuka kitanda kile cha dirishani na mwanamke aliyehamishwa ili kipatikane.

"Hata mimi," alisema mwingine. "Elfu tano, kumwona mama nje ya muda."

"Mimi elfu tatu ya kubadilisha dripu."

Hawakulalamika. Walikumbushana, kama watu wanaokumbushana bei za mnadani. Fundi mmoja wa safu ya mbele, penseli sikioni, aliinua kidole.

"Ngoja kwanza. Wodi moja ina vitanda vingapi?"

"Ishirini na sita," alijibu mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili, kwa mazoea ya kujibu maswali.

"Tuseme nusu yao tu. Elfu tano tano tu, tena mara moja moja kwa wiki." Midomo yake ilikuwa ikienda. "Elfu sitini na tano kwa wiki. Na hapo ni bila mshahara."

Minong'ono iliyorudi haikuwa ile ya kwanza. Elinipa aliisikia ikigeuka. Mama wa kitenge cha kijani alikaa, akamketisha na binti yake.

"Na serikali ikimchukua," mtu alisema, "mshahara unakuja juu ya hiyo."

"Msifanye hivyo!" Elinipa alipiga kelele kwenye kipaza sauti, kikalia. "Ni rushwa hiyo! Nilikuwa nawanyonya wagonjwa! Nilikuwa nachukua kwa sababu silipwi, hamnielewi? Kuna mama nilimtoa kitandani!"

"Tumekuelewa, binti," alisema fundi kwa heshima. "Maisha ni magumu kwa wote."

Mkurugenzi Ephraimu alikuja akachukua kipaza sauti, na safari hii Elinipa alikiachia. Mkurugenzi alisubiri viti vitulie. Alikuwa mtu anayejua kusubiri.

"Wazazi wangu, hospitali hii inapinga rushwa, na hilo tutalishughulikia ndani. Mengine mimi sijasema neno. Mmesikia wenyewe kutoka kwa watu wenyewe. Dirisha la mhasibu liko wazi."

Foleni ilijipanga kabla hajashuka. Ilianzia dirishani, ikazunguka kantini, ikafika kwenye geti, na waliokuja kuangalia tu walikuwa wakipiga simu nyumbani watumiwe hela. Elinipa alibaki kando ya jukwaa. Mkurugenzi alipita karibu yake, akasimama kama anayempongeza.

"Jumatatu uje kazini kama kawaida," alisema kwa ile sauti yake ya chini.

"Hunifukuzi?"

"Nikufukuze kwa lipi? Tangu nifungue chuo hiki sijapata foleni kama ile." Akamshika bega. "Ila siku nyingine ukitaka kuhutubia, kumbuka nina mashahidi wa rushwa zaidi ya watatu, na umewaleta mwenyewe. Leseni yako wataifuta kwa wiki moja. Ya barua ya uzoefu tusiongee tena."

Alitamani kumng'ata. Si mfano wa maneno; alitazama ule mkono begani na kuchagua kabisa ni wapi meno yangeingia. Mkono ukaondoka.

Alimkuta baba yake katikati ya foleni. Mzee Gadiel alikuwa ameshatoa bahasha mfuko wa ndani na ameishika wazi, bila wasiwasi tena, maana kila mtu pale alikuwa na yake.

"Baba, nakupigia magoti. Rudi kwa Anaeli, mrudishie hela, achukue hata riba. Mchukue Catherine mwende nyumbani."

"Hela ilikuwepo," baba yake alisema. Hakuwa na hasira, na hilo lilimuuma zaidi. "Ilikuwepo, ukaila, ukatuletea ya bati. Sikulaumu. Lakini kusimama mbele za watu umzibie mdogo wako njia uliyopita wewe, hapana. Hiyo sikukufundisha."

"Baba, ni rushwa. Nimewanyonya watu kama wewe. Kama mama."

"Yule bwana si amesema hana kinyongo?"

Foleni ilisogea, na Mzee Gadiel akasogea nayo. Elinipa aligeuka kumtafuta Catherine, akitumaini kwamba angalau huyo, aliyesoma, aliyekuwa amesikia kila neno, atalia au atakataa. Catherine alikuwa ameegemea ukuta wa kantini na fomu kifuani. Alipomwona dada yake alimkumbatia kwa nguvu, kama hakuna lililotokea, na bado alinukia moshi wa kuni wa nyumbani.

"Pole dada. Usijali, baba atapoa."

"Catherine, nisikilize. Usisome hapa. Usisome unesi kabisa, hata kama—"

"Nimekusikia kule jukwaani." Msichana alitazama huku na huku, akasogeza mdomo sikioni kwa dada yake. "Mimi sitakuwa mjinga kama wale wa elfu tatu tatu. Dada, nikimaliza, utaniombea kwa Metroni wanipange moja kwa moja wodi ya wazazi?"

Kule dirishani mhasibu aliita anayefuata, na Mzee Gadiel akavua kofia.